Huu Mwiko ni Mwiko

Al Thumama, Doha
12 Januari 2025

Kwa mpwa wangu Khadija,

Assalaamu alaikum. Salamu hizi nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili unamzuia Ndirangu asichungulie. Ndirangu ni Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, anajua gemu zote za dunia na hajui kufua soksi. Mwengine ni Fabian wa Tanga, mtu wa Mungu, haongei mpaka aulizwe. Mimi mzima, mwili umeongezeka, suti za zamani zinanikataa. Wasalimie majirani wote, msalimie paka, na mwenye nyumba naye msalimie.

Umefanya vyema kusema tuandikiane. Simu ya kwenu ni redio, anapigiwa mmoja unasikia mtaa mzima, na jambo lako hili hutaki mwenye nyumba alisikie kabla halijaiva. Barua nampa Abdulrahman, kijana wa Kipemba wa hotelini, anakuja likizo wiki hii na akirudi atanibebea majibu.

Kwa hivyo watu wa filamu wanaitaka katuni yako. Mwanangu, umemuuliza mtu mwenyewe. Mimi hapa ni msimamizi wa sinema, tena si sinema ya benchi na shuka. Skrini ni pana kuliko uwanja wa mpira wa skuli yetu. Ni kweli niliachia darasa la saba, lakini chuo changu kimekuwa hapa. Filamu zote zinazotokana na katuni na gemu zimepita mbele yangu, na kwa uzoefu wangu kumi zikija, tisa ni takataka na ya kumi imechelewa njiani.

Nikupe mfano. Kuna katuni ya bibi mmoja mshona viatu anayeingia majumba ya matajiri akawaibia kiatu kimoja kimoja. Kimoja tu. Nafula, dada anayekata tiketi hapa kwetu, kanihadithia nikacheka mpaka nikashika ukuta. Tajiri anaamka ana kiatu cha kulia, cha kushoto hana, hawezi kwenda benki wala hawezi kwenda polisi. Utamu wote upo hapo. Sasa imekuja filamu yake. Wamempa bibi jeshi, wamempa mtambo unaotoa moto, wamempa na utoto wa huzuni wenye mvua. Viatu wamevisahau. Watu walitoka na sura ya mtu aliyeagiza biriani akaletewa picha ya biriani.

Kwa hivyo kabla hujashika kalamu ya mtu, nipe nizione hizo katuni. Mwezi ujao nimo, wallahi, nitakuja nizisome hapo hapo barazani. Lakini kwa usalama mpe Abdulrahman.

Mjomba wako,
Vuai, Msimamizi


Jang'ombe, Unguja
20 Februari 2025

Mjomba,

Assalaamu alaikum, na shikamoo. Barua imefika, na chokoleti zimefika zimekuwa supu, tumezinywa. Mtaa mzima, wazima. Paka kazaa ndani ya sufuria kubwa la shughuli na mama kakataa kumtoa, kwa hivyo harusi ya Kwahani tuliazima sufuria kwa watu. Mkono wa kulia wa mama unamuuma, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe utapika. Salamu zako za mwenye nyumba nimempa. Aliendelea kukoroga.

Nakuletea matoleo yote. Nachora mwenyewe, natoa kopi Darajani, wauza magazeti wananichukulia. Jina lake Bi Mwiko. Ni mpishi wa shughuli, mwiko wake mrefu kama kasia, na kwa kuwa kila jambo la mtaa linapita jikoni kabla ya kufika ukumbini, yeye ndiye anayeamua nani kakosa na nani kakosewa. Mtu akija kudokoa nyama kabla ya wageni, anauinua na kusema, "Huu mwiko ni mwiko." Watoto wa huku wanalisema hilo neno hata wakigombania mpira. Bi Mwiko ana kaka yake yuko ughaibuni, wanamwita Mjomba Kesho. Wengine utawaona mwenyewe.

Mtu wa kampuni ya filamu anaitwa Kevin, anatoka Dar, anaongea haraka na kucheka kabla hujamaliza sentensi. Anasema filamu kwanza, gemu baadaye. Mjomba, mimi nataka. Sitaki kukuficha. Nataka Bi Mwiko avuke maji, asomwe na watu wasiojua Jang'ombe iko wapi. Lakini akivuka nataka awe bado ni yeye. Hilo ndilo linaloniogopesha, na ndiyo maana nakuuliza wewe unayezijua filamu.

Mama hajui. Na wewe, tafadhali, usimkasirikie mtu yeyote utakayemkuta humo ndani. Ni katuni tu.

Khadija


Al Thumama, Doha
18 Aprili 2025

Khadija, mpwa ninayejisifia hata kwa watu wasioniuliza,

Waalaikumu salaam, na marahaba. Idi tumekula, Fabian kapika wali kwa tui la kopo na sisi Waislamu tukamsamehe. Je, mwenye nyumba alipika nini? Hapa ipo dawa ya kuchua mkono, ina harufu ya kumfukuza punda. Fabian ataipitisha Unguja akienda likizo mwezi huu, pamoja na barua hii. Sema imetoka dukani. Usiseme imetoka kwa nani.

Katuni zimesomwa. Si na mimi tu, na chumba, na chumba cha pili, na dereva wa basi la kampuni ambaye ni Mnepali hajui Kiswahili, anatazama picha na kupiga paja. Bi Mwiko ni mtu. Nimemsikia harufu ya kitunguu. Ile ya bwana harusi kujificha jikoni na Bi Mwiko kumpa kazi ya kuchambua mchele mpaka akaona bora akaoe, hiyo nimeirudia mara nyingi.

Lakini aliyetuua ni huyu Mjomba Kesho. Umempata wapi kiumbe hiki? Anakaa ukuta mmoja na uwanja wa ndege, ndege zinampita juu ya bati kutwa na yeye hapandi hata moja. Kila akipiga simu, "Mwezi ujao nimo." Anawaambia watu yeye ni msimamizi, na mtaa unauliza, msimamizi huyo anasimama wapi. Kifua kimeniuma kwa kicheko. Watu wa namna hii nawajua, Doha wamejaa. Hata sisi hapa Al Thumama ndege zinapita juu ya vichwa vyetu, lakini sisi wengine tuna majukumu, si sawa na yule bwege. Fabian alicheka kidogo akatoka nje. Ndirangu alinitazama, akautazama ukurasa, akanitazama tena. Nikamuuliza anatazama nini. Akasema ni mwangaza.

Sasa nikufundishe, maana umekuja kwa fundi. Ndirangu ana gemu yake ya fundi madaraja. Fundi huyo hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho. Unapiga naye misumari, unavuka naye mito, ukimaliza unamjua kuliko ndugu yako. Imekuja filamu ya gemu hiyo, na fundi anasema. Anasema kama dalali wa viwanja. Anaueleza msumari kabla ya kuupiga, kisha anatueleza alivyojisikia kuupiga. Ndirangu alitumia siku yake ya mapumziko, akalipa, na nusu saa haikufika akatoka. Nilimfungulia mlango mwenyewe. Aliniambia, "Buda, wamemmaliza. Wamempatia mdomo."

Nzuri nimeiona moja tu tangu mwaka uanze. Katuni ya mzee mpiga pasi ambaye kabla hajapigana na mtu, kwanza anavua shati na kulikunja. Wameubadilisha mji, wamembadilisha adui, hata mke wamemtoa. Lakini shati limekunjwa kila mara, kola juu, mikono ndani. Siku ile watu walitoka kimya. Baba mmoja wa Kifilipino alisimama pale nje akalikunja koti lake taratibu, kola juu, mikono ndani, na hana khabari kama anafanya. Nikasema hii imefaulu.

Filamu, mwanangu, ni begi la kurudi nyumbani. Kilo thelathini, na yule wa mzani hana undugu na mtu. Huwezi kubeba chumba kizima. Mjinga anajaza blanketi na manukato, na kile alichoagizwa anakiacha kitandani. Mwenye akili anaacha vyote anabeba alichoagizwa. Nilipoyasema haya Ndirangu akadakia kwamba kwa mtu ambaye begi lake lipo juu ya kabati limeota vumbi, najua sana kupanga begi. Wakenya wana mdomo.

Kwako wewe, kisichoachwa nakijua. Kila toleo linamalizika kwa picha ile ile. Wageni wameondoka, masufuria yameoshwa, na pale kwenye jamvi imebaki sahani moja imefunikwa kawa. Hakuna maandishi. Sahani ya yule Kesho. Kila mara nikifika hapo kicheko kinakata, sijui kwa nini. Mwambie Kevin aanzie hapo.

Mjomba wako,
Vuai, Msimamizi


Jang'ombe, Unguja
2 Juni 2025

Mjomba,

Assalaamu alaikum, shikamoo. Fabian alifika na boti ya mchana, kala kwetu kisha ndipo akaenda kwao. Mama kampenda, kasema ni mtu anayemaliza sahani. Dawa nimempa. Kainusa, kasema, "Duka gani linalouza dawa yenye harufu ya Vuai?" Lakini anajichua nayo kila asubuhi.

Skripti imekuja. Karatasi nzuri, nyeupe. Nimeisoma mara moja nikaifunika, nikaisoma tena nikidhani nimekosea.

Imekuwa hivi. Kevin aliandika ukurasa mmoja wa muhtasari, ukatiwa Kiingereza na mtu asiyetujua, ukapelekwa kwa mwandishi wao aliye nje. Picha hakupelekewa hata moja. Alichopata ni jina la Bi Mwiko na lile neno lake. Na huyo mfasiri, mjomba, katika mwiko wa kupikia na mwiko wa kukatazwa, kachagua wa kukatazwa. Mahali pote. Huu mwiko ni mwiko kwake limekuwa kama laana.

Kwa hivyo Bi Mwiko sasa ni jini la kike. Anavaa nyeupe, anaishi kisimani, na anaua kila anayevunja mwiko. Anayefagia magharibi anakufa. Anayepiga mluzi ndani ya nyumba anakufa. Hana jiko. Hapiki hata yai. Nimetafuta mwiko katika skripti nzima nikakuta kijiko kimoja, mtoto anakorogea chai, naye anakufa. Mjomba Kesho hayumo. Sahani haimo.

Nilimpigia Kevin. Kwanza aliona haya, nikasikia feni yake tu. Halafu akasema wenye filamu wameshaipenda hivyo, watu wanalipia kuogopa, na kama tatizo ni mwiko basi atanisaidia. "Tutamtilia mwiko mkononi," akasema, "awe anaua nao."

Anataka jibu kabla Septemba haijaisha. Skripti nimeificha chini ya magunia ya mchele. Nikikataa, Bi Mwiko atabakia kopi za Darajani. Nikikubali, mama yangu atatazamwa nchi nzima kama jini. Nimeandika mama yangu. Sikutaka kuandika hivyo, lakini wino umeshaingia. Nisaidie.

Khadija


Al Thumama, Doha
9 Julai 2025

Khadija mwanangu,

Waalaikumu salaam, marahaba. Huku jua linapasua zege, wenzetu wa ujenzi mchana wanafungiwa kazi, na mimi kazini nimevaa sweta, kwa kuwa sinema ya Doha inapozwa kama samaki wa kusafirishwa. Fabian kanipa salamu zako. Kanieleza na pilau aliyokula kwenu, kaieleza kwa utulivu, mpaka nikamwambia khalas, inatosha.

Hiyo barua yako nimewasomea chumbani kwa sauti, na nilipofika kisimani nilitupa karatasi. Jini la Unguja ambalo halijui kupika. Lini umeliona? Mashetani ya kwetu yakimpanda mtu kichwani, jambo la kwanza yanaomba kitu cha kula, tena yanachagua. Huyo mwandishi kanunua katuni bila ya kuitazama katuni. Ni sawa na kumuoa mtu kwa namba ya simu. Na Kevin wake kaona mwiko mmoja umekosekana, kaenda kuutia damu. Mtu kama huyo ukimwambia chai haina sukari anakuletea mua.

Hao ndio wale ninaowaona kila wiki. Wanachukua kitu kwa sababu watu wanakipenda, halafu jambo la kwanza wanaondoa kile kilichofanya kipendwe, na watu wakitoka wamenuna wanasema watazamaji siku hizi hawana shukurani.

Mwambie hivi, umwambie ni maneno ya mjomba wako wa sinema za Doha. Mwiko ni mwiko wa kupikia, mti, mrefu, umeungua ncha. Bi Mwiko yuko jikoni. Nyengine wanaweza kuzibadilisha, mji, harusi, hata lile bwege Kesho walifanye wanavyotaka, waligeuze mbuzi. Lakini sahani ibaki. Bila ya sahani hakuna filamu. Sahani ndiyo...

Nilipokuwa nasema haya kwa sauti, Ndirangu alikuwa kitandani anacheza gemu yake. Akaishusha simu kifuani. Akasema, na safari hii hakucheka, "Mzee Vuai, kwani hujui hiyo sahani ni yako?"

Nikamwambia alale. Nikamtazama Fabian anitetee. Fabian aliinama anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Wakenya, nimeshakuambia. Basi la kampuni linapiga honi, naishia hapa. Barua nampa Abdulrahman, mama yake mgonjwa, kapewa ruhusa.

Vuai


Jang'ombe, Unguja
14 Septemba 2025

Mjomba,

Assalaamu alaikum, shikamoo. Sijapata barua tangu ile ya Julai. Simu hupokei, na ukipokea unasema basi limefika. Basi gani hilo, mjomba, linalofika kila nikisema hujambo? Nadhani umeshajua. Sitaomba radhi, kwa kuwa Mjomba Kesho nilimchora kwa kumpenda, lakini nataka ujue kwamba sikumchora ili ucheke na wenzako halafu uumie peke yako. Nampa hii mdogo wake Abdulrahman, anakuja Doha kuanza kazi.

Mama kaiona skripti. Ilikuwa shughuli ya watu wengi, kavuta magunia mwenyewe. Hakuuliza kwa nini nimeficha. Kasema nimsomee pale pale jikoni, yeye anachagua mchele. Kumbe anajijua ni Bi Mwiko tangu toleo la kwanza, malalamiko yake ni kwamba nimemtia pua kubwa.

Nikamsomea yote, na kisima na jini. Kisima alikicheka, kakiona hakina hata ndoo. Mtoto wa kijiko alimuonea huruma. Nilipomaliza, mkono wake ulisimama ndani ya ungo. Kisha akauliza, "Na sahani iko wapi?"

Nikamwambia wameitoa.

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa nje. Akasema, "Wakiitoa, atajuaje kama anangojwa?"

Mjomba, hilo tu. Jina hakulitaja. Akaniambia niteke maji.

Kevin nimemwambia sitii saini. Nimemwambia mwiko wetu ni wa kupikia, na mama yangu haishi kisimani, na kama anaitaka filamu kweli basi amlete huyo mwandishi wake, asome matoleo yote, akae jikoni siku ya shughuli aone mwiko unavyoshikwa. Nilidhani atakata simu. Kumbe kauliza shughuli ni lini. Ni harusi ya jirani, mwanzo wa Disemba. Anasema watakuja, lakini kwa sauti yake bado anataka damu kidogo. Sijui nitaweza kusimama nao peke yangu. Wao wanajua maneno ya filamu, mimi najua kuchora.

Mama kapika leo. Sahani ipo.

Khadija


Al Thumama, Doha
27 Novemba 2025

Khadija,

Waalaikumu salaam, na marahaba. Nimechelewa kujibu, na sitamsingizia aliyeleta barua, kaileta siku ile ile.

Niliisoma mlangoni. Katuni yako inauliza msimamizi anasimama wapi, basi chukua jibu uliweke toleo lijalo. Anasimama mlango wa kutokea, ukumbi wa nne, sweta la kampuni, tochi mkononi. Filamu sizioni. Nasikia mabomu kwa nyuma ya ukuta, watu wakilia nasikia, na mwisho nafungua mlango nawatazama nyuso. Hiyo ndiyo shahada yangu. Na bado nasema, na wabishe wanaobisha, hapana mtu Doha anayezijua filamu mbovu kama Vuai. Mtu wa gazeti anaweza kuongopa. Mtu anayetoka ukumbini akitafuta gari lake hawezi.

Kwa hivyo nikueleze filamu mbovu moja niliyoiogopa kuliko zote. Huko kwenu mna mjomba wa simuni. Mnene, suti zinamkataa, anacheka, sinema ni yake. Huyo ndiye katuni, na watu wanampenda. Sasa mtoe simuni, mshushe kwenye ndege. Anatoka mwembamba, meno mawili ya upande hana, na begi moja. Kila mwaka nikilishika lile begi nilikuwa nauona mlango wa kutokea wa uwanja wa ndege wa Unguja, na nyinyi mmesimama nje, na milango ya kutokea ndiyo kazi yangu. Niliogopa kuiona kwenye uso wa Halima ile sura ya mtu aliyeletewa picha ya biriani.

Umeona, nimemtaja. Mwenye nyumba ana jina.

Nilimsomea Ndirangu lile neno la mama yako la kwenye ungo. Hakufanya mzaha. Alipanda kitandani kwangu, akalishusha begi juu ya kabati, akalifuta vumbi kwa soksi yake mwenyewe, ambayo ilikuwa chafu kuliko begi. Fabian kapima uzito kwa mkono, kasema bado nyepesi. Nikaanza kujaza. Blanketi, manukato, chokoleti. Halafu nikakumbuka fundisho langu mwenyewe, nikayatoa. Halima hakuwahi kuniagiza manukato. Siku naondoka alinifunga kifungo cha shati hapa shingoni, akaniagiza nirudi. Basi begi lina nguo zangu na dawa ya mkono, na kilo zilizobaki nimewaachia shirika la ndege.

Huyo Kevin na mwandishi wake wasikutishe. Wakija, wape visu wamenye vitunguu, na wakitaka kumpeleka Bi Mwiko kisimani niiteni mimi. Sijui maneno yao ya filamu, lakini nitasimama mlango wa jikoni, na hatoki mtu mpaka nimemtazama uso. Akitoka na sura ninayoijua, harudi ndani. Huo ndio usimamizi nilioufanyia kazi miaka yote hii, na sasa nimepata ukumbi wake.

Barua hii haina wa kuipeleka. Abdulrahman likizo zimekwisha, Fabian yuko zamu, Nafula anakwenda kwao Bungoma. Naibeba mwenyewe mfuko wa shati, chini ya kile kifungo. Kwa hivyo ukiufikia mstari huu, mpwa wangu, inua macho. Niko mbele yako, nimesimama.

Sasa nenda kamwambie mama yako afunue kawa. Lakini mwiko auweke chini kwanza.

Mjomba wako,
Vuai